Mguu wa Cherehani

Miaka kumi na tisa nimeketi mtaa wa Biashara,
kibarazani mwa duka la vitambaa,
nikipinda leso, nikitia darizi shingo za kanzu,
na mguu wangu haujawahi kufika popote.
Gurudumu la cherehani halina kwenda. Lina kurudi palepale.

Kisha nikanunua baiskeli,
ya mkono wa pili, ya kijani, gia kumi na nane,
kwa fundi Bwanakheri wa Mwembe Tayari.
Aliifuta kwa kitambaa nilichomkatia mwenyewe, akasema:
"Takaungu? Kwa hii? Utafika kabla ya adhuhuri.
Ila usishindane na pedali. Pedali haijui kushindwa."
Sikumwelewa. Nilimlipa, nikamwachia na chenji.

Jumapili alfajiri, kanzu tatu za arusi mkobani mgongoni,
nikalipanda daraja la Nyali kwa gia kubwa kuliko zote,
kwa sababu ya uanaume tu.
Kila duru ilikuwa kukamua machicha yasiyo na tui.
Goti la kulia likaanza kusema.
Kufika Kongowea, la kushoto likaitikia.
Kijana wa mikate akanipita, kreti tatu nyuma,
anatafuna kitu, miguu inazunguka tu
kama mtu anayekoroga chai ambayo sukari imeshayeyuka.

Bamburi nikabadili: gia ndogo, ya mwisho.
Sasa miguu haina kazi ila haraka.
Natwanga hewa, naruka juu ya kiti
kama aliyekanyaga mchanga wa saa saba bila viatu.
Moyo mbio, barabara haisogei.
Kiwanda cha saruji kilikuwa kushoto kwangu
na nikaona kitakuwa kushoto kwangu milele.

Shanzu nikashuka. Nikanywa ukwaju wa mfuko,
nikalisugua goti, na vidole vyangu,
vyenye makovu ya sindano, vikanikumbusha jambo la kipumbavu:
nishone jinzi, nishone shashi,
huwa nazungusha kile kiskurubu cha mshono,
kirefu, kifupi, kadiri nguo inavyotaka.
Mguu ni uleule.
Miaka kumi na tisa mguu ni uleule.

Gia kati nikatia, mguu ukanyamaza,
Kilima kikiingia, gia moja napunguza,
Teremko likijia, gia moja naongeza,
Mguu ni ule pia, kama pindo wamaliza.

Daraja la Mtwapani, sikumbuki kulipita,
Jasho langu kidevuni, tone tone lafuata,
Nane nane hesabuni, kushoto kulia vuta,
Cheni haimo vitani, wala hakuna kujuta.

Mkonge waandamana, safu zake zashoneka,
Lami mbele naiona, kitambaa chakunjuka,
Sifikiri, neno sina, la kesho wala la mwaka,
Nazunguka, na tena, na

maji.
Maji mapana chini yangu, na kibao: Kilifi.
Takaungu nilikuwa nimeiacha nyuma, maili tano au sita.
Njia panda, kibao chake, vijana wa bodaboda
ambao hukaa pale wakimwita kila apitaye:
sikumwona hata mmoja.

Simu ikalia mkobani, katikati ya kanzu.
Shee Mbwarali, babake bwana arusi.
"Fundi, nguo ziko wapi?"
"Zimewapita," nikasema.
Akanyamaza, kama anayeutafuta mzaha ulipo.

Nikageuza baiskeli. Upepo sasa ulikuwa wa uso.
Nikapunguza gia moja.